Jaji Huyu ni wa Nani?

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi iliyopita katika ukumbi wa kijamii, mbele ya vijana wa mtaa, wazee na kina mama wa vyama vya akiba. Waliozuiwa na mvua wameniomba niiweke yote. Nimeiandika kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, poleni na matope. Vijana mliojibanza pale mlangoni, hamjambo? Sogeeni mbele, viti vipo, na leo hakuna mchango.

Bwana mwenyekiti kanipa dakika arobaini. Nikizidisha nipigieni makofi. Nitajua si ya pongezi.

Mimi si wakili. Wanaonijua wanajua kwamba kwa miaka 27 nilikuwa mkalimani wa mahakama. Nilisimama baina ya kizimba na meza ya hakimu, Kiingereza kikiingilia sikioni, Kiswahili au Kigiriama kikitokea mdomoni. Mkalimani hana maoni. Tusi analitafsiri kama lilivyotoka, na kilio hivyo hivyo. Nilipostaafu ndipo nilipogundua kwamba maoni yote niliyoyameza bado yamo tumboni, na leo baadhi yatatoka.

Nianze na bibi mmoja. Alikuwa na kesi ya shamba la minazi. Kesi inatajwa, inaahirishwa, inatajwa, inaahirishwa, mpaka faili lake likawa nene kama mto wa kulalia. Asubuhi moja, korti haijakaa bado, alinivuta shati. "Mwanangu, hakimu wa leo ni wa nani?" Nikamtajia jina. Akatikisa kichwa. "Jina nimeshasomewa pale mlangoni. Nakuuliza, ni wa nani?"

Mnalisikia swali hilo? Hakuuliza kabila, ingawa kabila limo humo ndani. Aliuliza: aliyemweka pale ni nani? Na huyo aliyemweka, anakula sahani moja na nani? Bibi hakujua kusoma. Lakini kwa maneno matatu, ni wa nani, alifika pale ambapo mwaka 2011 Ikulu, Waziri Mkuu, Bunge na mawakili wenye majoho walifika baada ya siku 25 za kelele.

Siku hizo 25, za ugomvi wa kiti cha Jaji Mkuu wa Kenya, ndizo nilizoitiwa hapa. Vijana, wengi wenu mlikuwa mkivaa kaptula za shule. Wengine mlikuwa mgongoni. Kwa hiyo nivumilieni nirudi nyuma, maana ugomvi wa kiti huuelewi mpaka ujue kiti hicho kilishamuumiza nani.

Uchaguzi wa 1992. Kenneth Matiba alikuwa ametiwa kizuizini mwaka 1990, akapatwa na kiharusi humo humo, mkono wa kuandikia ukamgomea. Akagombea urais, akashindwa na Rais Moi, akaenda kortini. Mkewe akatia sahihi kwa niaba yake, na hati ya uwakilishi anayo. Mahakama ikasema nini? Sahihi si yako mwenyewe. Kesi nje.

Uchaguzi wa 1997. Safari hii aliyekwenda kortini kumpinga Moi ni Mwai Kibaki. Notisi ya kesi ikachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mahakama ikasema nini? Ulipaswa kumkabidhi Moi karatasi mwenyewe, mkononi. Mkononi, jamani! Hebu mmoja wenu amkaribie Rais wa Jamhuri na bahasha ya kahawia, tuone atafika wapi. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufaa ikashikilia hapo hapo. Kesi ya kiti cha urais ikafa kwa sababu ya bahasha.

Likumbukeni jina hilo, Kibaki. Mtu aliyewahi kurudishwa mlangoni.

Sasa njooni 2007. Jumapili, tarehe 30 Desemba. Nilikuwa mkahawani, chai mbele yangu, televisheni imewekwa juu ya friji ya soda. Mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Samuel Kivuitu, akamtangaza Kibaki mshindi. Hatujamaliza kubishana, picha ikabadilika. Nyasi za Ikulu, jua linatua, na Jaji Mkuu Evan Gicheru yuko pale, anaapisha. Mzee mmoja aliyekuwa na mahamri mkononi akauliza: "Huyu jaji alikuwa amekaa wapi, jikoni?" Tukacheka. Hatukucheka tena mpaka mwezi wa pili.

ODM, chama cha Raila Odinga aliyetangazwa ameshindwa, wakaambiwa, kama mmeibiwa nendeni mahakamani. Wakajibu, mahakama ya nani? Swali la bibi yangu lile lile. Nchi ikaungua. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu maiti 1,133. Sisemi majaji ndio waliochoma nyumba. Nasema watu walipotafuta pa kupeleka uchungu wao, palipokuwapo hawakupaamini.

Akaja msuluhishi Kofi Annan, wakubwa wakatia sahihi tarehe 28 Februari 2008, tukapata Rais na Waziri Mkuu katika serikali moja, kama wake wenza jiko moja. Tarehe 27 Agosti 2010 tukapata Katiba mpya. Na Katiba ile ikasema Jaji Mkuu aliyepo aondoke kitini ndani ya miezi sita. Akitaka astaafu, akitaka akaguliwe abaki jaji wa rufaa. Miezi sita ikawa inakwisha tarehe 27 Februari 2011.

Nani atakaa hapo? Hapa ndipo penye pilipili. Kifungu cha 166 kinasema Rais amteue Jaji Mkuu kwa mapendekezo ya Tume ya Huduma za Mahakama, kisha Bunge liidhinishe. Lakini nyuma ya Katiba kuna Nyongeza ya Sita, ya mambo ya mpito, nayo inasema Jaji Mkuu mpya atateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, Bunge liidhinishe. Tume haikutajwa pale. Mmeona mwanya? Mawakili wa upande huu wakashika ukurasa huu, wa upande ule wakashika ule, na kila mmoja anasoma Katiba hiyo hiyo kwa sauti ya juu.

Ijumaa, tarehe 28 Januari 2011, Ikulu ikatoa majina manne. Jaji Alnashir Visram awe Jaji Mkuu. Githu Muigai awe Mwanasheria Mkuu. Kioko Kilukumi awe Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. William Kirwa awe Msimamizi wa Bajeti. Waziri Mkuu Raila Odinga akasema, mimi sikushauriwa ipasavyo. Ikulu ikasema, tulishauriana. Tume ya Huduma za Mahakama ikasema haikuhusishwa. PNU ya Kibaki huku, ODM ya Raila kule, nchi katikati inageuza shingo kama inatazama mpira wa meza.

Naomba niwape kisa cha nyumbani. Nina mpwa wangu wa kike, mtoto wa dada yangu. Jioni moja akaja kijana na sinia, ndani haluwa na birika la kahawa. "Mjomba, tumetumwa. Fulani ameposwa, mahari yamepokelewa, harusi mwezi ujao." Nikamuuliza, na mimi nimetakiwa nini? Akajibu bila kupepesa: "Mjomba, unashauriwa."

Haluwa niliila, siwafichi, ilikuwa na moto wake bado. Lakini nilimwambia yule kijana, kamwambie dada yangu kwamba mtu aliyeletewa haluwa hajashauriwa. Ameletewa haluwa.

Mimi maneno ndiyo yaliyokuwa kazi yangu, kwa hiyo nipeni nafasi hapa. Kiingereza kina neno moja la jambo hili, na ndani ya neno hilo mtu anaweza kuficha ng'ombe. Kiswahili hakikuruhusu. Kuna kujulishwa. Kuna kushauriwa. Na kuna kushauriana. Ile "-ana" ya mwisho haikuwekwa pale kwa mapambo. Inataka watu wawili, wote wawili wanasema, wote wawili wanasikia. Wanapigana, wanapendana, wanashauriana. Huwezi kupigana peke yako.

Ikulu nao walikuwa na jibu, na jibu lao si la kutupa. Walisema kushauriana si kukubaliana. Kama kila jina lazima Waziri Mkuu alikubali, basi tuna marais wawili, na Katiba ina mmoja. Kweli au si kweli? Naona wengine mnatikisa vichwa kwamba ni kweli. Nami nakubali hoja hiyo ingetosha, kama swali lingekuwa la watu wawili tu.

Maana tuseme ukweli, kwa nini walivutana vile? Tarehe 15 Desemba 2010, mwezi na nusu kabla, Luis Moreno Ocampo, mwendesha mashtaka wa mahakama ya kimataifa ya The Hague, alikuwa ametaja Wakenya sita kwa ghasia zile za baada ya uchaguzi. Serikali ilitaka kesi zile ziahirishwe au zirudi nyumbani, na nyumbani ili pakubalike pawe na Jaji Mkuu mpya na mkuu wa mashtaka mpya, upesi. Upande mmoja ukasema tunajenga mahakama. Upande wa pili ukasema mnajenga maficho. Na hata huo upande wa pili haukuwa mmoja. Ndani ya ODM kulikuwa na wabunge wa William Ruto ambao wakati huo moyo ulishahamia upande wa Kibaki. Kamati za Bunge zikalumbana, na mkono ukinyanyuka unajua umenyanyuliwa na chama gani.

Jaji Visram mwenyewe alikuwa na kosa gani? Alikuwa jaji wa miaka mingi, na wala ugomvi haukuwa juu ya elimu yake. Nilimhurumia. Jina la mtu linarushwa hewani na wakubwa wawili, halafu kila gazeti linamuuliza bibi yangu swali lake.

Walioukata mzizi hawakuwa wakubwa. Kina mama, hapa nawataka mnisikilize. Mashirika ya kutetea haki, ya wanawake yakiwa mbele, yalikwenda Mahakama Kuu. Walisema njia haikufuatwa. Kisha wakasema jambo ambalo wanaume wa PNU na wanaume wa ODM hawakuliona katika kelele zao zote: majina manne, wanaume wanne. Katiba yenye miezi mitano, imeahidi usawa, na katika nafasi nne kubwa hakupatikana mwanamke hata mmoja?

Tarehe 3 Februari, Jaji Daniel Musinga akaamua kwamba kuendelea na majina yale kungekuwa kuvunja Katiba. Fikirieni, jaji wa Mahakama Kuu anaamua juu ya jina la mtu ambaye kesho anaweza kuwa bosi wake. Mimi nilikuwa masjala siku hiyo. Karani mwenzangu aliyesoma taarifa kwenye simu alisema neno moja tu, "Shujaa," kisha akaendelea kugonga mihuri.

Bungeni mambo yakawa bado. Tarehe 17 Februari Spika Kenneth Marende akasimama akatoa uamuzi wake: uteuzi ule ulikwenda kinyume cha Katiba, Bunge haliwezi kuujadili. Papo hapo likaulizwa lile swali. Spika ni wa nani? Na lilikuwa na msingi, kwa sababu Marende alichaguliwa Januari 2008 kwa kura za ODM, 105 kwa 101, raundi ya tatu. Sasa mtafanyaje? Mtamkataa kwa sababu ya walikotoka waliompa kura, au mtasoma alichosema? Mimi nasema someni. Alichosema kilikwenda njia moja na alichosema Jaji Musinga, ambaye hakupigiwa kura na chama chochote.

Tarehe 22 Februari Kibaki akayaondoa majina yote manne. Yule yule aliyerudishwa mlangoni mwaka 1999. Sijui aliwaza nini usiku ule. Lakini nampa haki yake: marais wengi wa eneo letu hili wangesonga mbele, na aliyebisha akaona cha mtema kuni. Yeye aliyaondoa.

Hapa nitasema jambo ambalo rafiki zangu wa kanisani na msikitini hawalipendi. Sisi tumezoea kuhubiri kwamba mgawanyiko wa vyama ni laana. Mimi naona mwaka ule mgawanyiko ulitufaa. Kama Kibaki na Raila wangekuwa na mapenzi, wangekaa kwenye kochi moja, wakagawana: wewe chukua Jaji Mkuu, mimi nipe Mwanasheria Mkuu, na sisi tungesikia kwenye taarifa ya saa saba mchana. Hawakuaminiana, ndipo kila mmoja akadai mlango ufunguliwe ili amwone mwenzake anafanya nini ndani. Mlango ulipofunguka, tukachungulia na sisi.

Na tulichungulia kwelikweli! Tume ikatangaza nafasi ya kazi ya Jaji Mkuu gazetini. Tangazo la kazi, kama linavyotangazwa la ukarani! Mwezi wa tano mahojiano yakaonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Pale masjala kazi ilisimama. Majaji ambao nilizoea kuwainamia wanaulizwa kuhusu hukumu zilizochelewa, kuhusu mali, kuhusu maamuzi ya miaka kumi nyuma. Nikamwona jaji anashika glasi ya maji, anairudisha bila kunywa. Miaka 27 nimewaona washtakiwa wakifanya hivyo. Jaji sikuwahi kumwona.

Na nani mwingine alijitokeza? Visram. Aliomba kazi kama wengine, akahojiwa kama wengine. Ile kwangu ni heshima kubwa kuliko uteuzi.

Tarehe 13 Mei Tume ikamtaja Willy Mutunga, na Nancy Baraza awe naibu wake. Mutunga alikuwa mwalimu wa sheria Chuo Kikuu cha Nairobi ambaye mwaka 1982 aliwekwa kizuizini bila kesi. Na alikuwa na kipuli sikioni. Loo, kipuli kile! Nchi iliyokuwa imetoka kuzika watu elfu moja na zaidi ikakaa mwezi mzima inajadili sikio la mtu. Baadhi ya viongozi wa dini wakamkataa, wabunge wakauliza maswali ya chumbani. Yeye akasema kile kinamuunganisha na wahenga wake, na kama sharti la kazi ni kukitoa, basi kazi wabaki nayo. Jirani yangu mvuvi akaniuliza, sasa kipuli kitasoma faili au yeye ndiye atakayesoma? Sikuwa na jibu bora. Bunge likamwidhinisha tarehe 15 Juni, akaapishwa tarehe 20.

Nawauliza, Ikulu peke yake ingemchagua mtu huyo? Na Raila peke yake je? Kwa maoni yangu, hakuna hata mmoja. Wa Ikulu angekuwa na suti nzuri zaidi, wa ODM angekuwa na deni kwa ODM.

Msinielewe kwamba mlango ukiwa wazi hupita malaika. Baraza alipita mlango ule ule mbele ya kamera zile zile. Mkesha wa mwaka mpya akagombana na mlinzi wa kike kwenye jumba la maduka, jopo likaundwa, na Oktoba 2012 akajiuzulu. Cha kuangalia ni hiki: mlinzi wa mlangoni alilalamika, na naibu wa Jaji Mkuu akajibu. Zamani yule dada angefukuzwa kazi kesho yake asubuhi.

Sasa, jaji aliyepita mlango ule ni wa nani? Mwaka 2013 Mutunga na wenzake wakakataa kesi ya Raila ya kupinga matokeo ya urais, na Raila, ambaye miaka mitano nyuma hakukubali hata kukanyaga kortini, akakubali uamuzi na maisha yakaendelea. Mutunga akastaafu, Tume ikahoji tena, na Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta akamwapisha David Maraga. Haikupita hata mwaka. Tarehe 1 Septemba 2017, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, Maraga akaufuta ushindi wa Uhuru. Wa nani huyo? Uhuru siku ile ile, sokoni Burma, akawaita wakora. Alikuwa na haki ya kukasirika. Cha kutisha ni kile kilichofuata hasira.

Na hiki ndicho kisa changu cha mwisho, kwa sababu mlango uliofunguliwa kwa kelele unaweza kufungwa kimya kimya. Hauhitaji kuuvunja. Unaukalia tu.

Mwaka 2019 Tume ilimpelekea Rais majina 41 ya majaji: 11 wa Mahakama ya Rufaa, waliobaki wa mahakama za kazi na za ardhi. Rais akayaweka. Akasema baadhi wana doa katika taarifa za kijasusi. Doa gani? Halikutolewa hadharani likajibiwa. Mahakama Kuu ikasema Rais hana hiari, kazi yake ni kuteua. Kimya. Juni 2020 Maraga akasimama mbele ya waandishi akalalamika wazi kwamba Rais anapuuza amri za korti. Kimya. Mmoja wa wale 41, Harrison Okeche, akafa akisubiri.

Mnajua mahakama ya ardhi bila jaji inakuwaje? Msiniambie mimi, nilikuwapo. Asubuhi watu wanajaa veranda, wametoka mashambani na nauli ya kukopa, bahasha za nailoni kwapani. Karani anatoka, anabandika karatasi: kesi zote zimeahirishwa. Anabandika kwa gundi ya unga, haraka haraka, kisha anarudi ndani na kufunga mlango, kwa sababu anajua macho ya watu wale. Yule karani mara nyingine nilikuwa mimi.

Tarehe 3 Juni 2021 Uhuru akateua 34. Sita akawaacha, na kati ya hao walikuwamo George Odunga na Joel Ngugi, ambao wiki tatu tu nyuma walikaa katika jopo lililoizima BBI, ule mpango wa Uhuru na Raila wa kuibadilisha Katiba. Sadfa? Kila mtu na akili yake. Wale sita waliapishwa tarehe 14 Septemba 2022, siku moja baada ya Ruto kuingia madarakani. Na waliomshangilia Ruto siku ile, nawauliza, mlikuwa mkishangilia Katiba au mlikuwa mkishangilia Uhuru kuaibika? Maana mikono ni ile ile, na makofi yana sauti moja.

Wale wenye jamaa Marekani watasema, mzee, hayo ni ya Afrika. Subirini. Tarehe 13 Februari 2016 Jaji Antonin Scalia wa Mahakama ya Juu ya kule alifariki. Obama akamteua Merrick Garland tarehe 16 Machi. Kiongozi wa Republican katika Seneti, Mitch McConnell, akasema ni mwaka wa uchaguzi, ngoja wananchi wachague rais kwanza. Garland hakuhojiwa hata siku moja. Hawakumkataa, hawakumpigia kura, walimwacha barazani siku 293 mpaka uteuzi ukafa wenyewe. Mwaka 2020 Jaji Ruth Bader Ginsburg wa mahakama ile ile akafariki Septemba, na chama kile kile kikamwidhinisha Amy Coney Barrett tarehe 26 Oktoba, kura 52 kwa 48, uchaguzi ukiwa umebaki siku nane. Na kiti cha kule ni cha maisha. Chetu angalau kina miaka 10 au umri wa miaka 70, kinachotangulia. Kwa hiyo vijana mkiambiwa kukalia majina ni ushamba wa Kenya, kataeni. Ni ujanja wa wakubwa popote walipo.

Bwana mwenyekiti anaangalia saa. Namalizia.

Tume ile ina watu 11. Wawili wanatoka kwa umma, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wanateuliwa na Rais na kuidhinishwa na Bunge. Wawili wanachaguliwa na mawakili wenyewe, na kampeni zao siku hizi zina fulana na magari ya matangazo. Ndipo vita vilipohamia. Zamani walipigania jaji, sasa wanapigania wanaochagua jaji. Na sisi tunasubiri mpaka jina la Jaji Mkuu litoke ndipo tuulize ni wa nani. Nani hapa anaweza kunitajia hao wawili wa umma? Wewe? Hapana. Wewe uliyecheka? Haya, hata mimi nilivyokuja hapa nilimuuliza mwanangu njiani.

Tume inapotangaza waliotuma maombi, huwaomba wananchi walete wanachokijua juu yao. Mtu yeyote. Kwa maandishi, kwa lugha unayoiweza. Yule bibi wa minazi angekuwa hai, angekuwa na kurasa tatu, na mimi ningemwandikia.

Nimeleta kitu. Hiki hapa, ndani ya nailoni, ni lile tangazo la kazi nililolikata gazetini mwaka 2011. "Jaji Mkuu", halafu chini yake sifa zinazotakiwa, kama tangazo lolote la kazi. Nalipitisha kuanzia mstari huu. Lishikeni pembeni, limechoka kwenye mikunjo, na asilitoe mtu kwenye nailoni. Mwenye kipaza sauti, mpelekee yule mama wa kitenge cha kijani, amenyoosha mkono tangu nilipotaja haluwa.